NYUMBANI KWETU: Unga usiofaa ugali haufai pombe

Akina mama wa darasa la watu wazima wameniuliza: mwalimu, wewe umesoma kemia, mbona pombe yetu ya mtama inachacha siku moja tu? Mie mwenyewe sinywi, lakini swali ni zuri.

Mara nyingi kosa ni chombo na machicha. Ukianzishia pombe mpya kwa machicha ya ile iliyochacha, umepanda wadudu walewale. Chukua machicha ya pombe iliyotoka vizuri. Dumu lisuguliwe, lisuuzwe kwa maji yaliyochemka, lianikwe juani. Lililobeba mafuta ya taa au dawa ya mashamba lisitumike kabisa, hata ulioshe mara kumi.

Halafu kimea. Usikitie kwenye uji unaotokota, maana nguvu yake ya kugeuza wanga kuwa sukari inakufa. Ngoja uji upungue moto mpaka nyuzi 65 hivi, yaani bado unaunguza kidole lakini hautokoti. Uache saa moja, mbili, utaona umekuwa mwepesi na mtamu. Hapo uchemshe tena, upoe uwe vuguvugu, ndipo utie machicha. Na mtama ukishaota na kukauka, pukuteni vimea na mizizi yake mpeperushe, kwa sababu humo mna sumu ya sayanaidi. Bibi zetu walipukuta bila kusoma kemia!

Sasa hili ndilo linaloninyima usingizi. Mvua ikipenya kwenye turubai na gunia la mgao likilowa, nasikia watu wanasema, huu haufai kwa watoto, tupikie pombe. Jamani, hapana!

Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani. Walikufa 75, na mpishi wake pia. Mwanzoni ilivuma kwamba pombe imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ukaonyesha mengine: unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibiwa na mafuriko, na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli alikuwa ametengeneza humo sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haina ladha wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo hata fundi wa kuonja asingeitambua. Mama wa watu naye yuko kaburini.

Sumu ya ukungu wa mahindi nayo haiishi kwa kuchemsha. Kenya mwaka 2004 iliua watu 125, na wao walikula tu chakula cha nyumbani.

Najua kumwaga unga kunauma, mgao wenyewe ni huu tunaoujua. Basi inueni magunia juu ya mawe au mbao, mbali na ukuta, na jua likitoka anikeni. Uliokwisha kuvunda mfukie shimoni, kuku na mbuzi wasiufikie. Mwezi ujao tutaongea juu ya mkaa.