Ushindi wa Mezani katika Ligi za Pool
Katika ligi za ridhaa za mchezo wa pool, yaani mashindano ya wachezaji wasiolipwa ambao wengi wao hufika ukumbini jioni wakitoka kazini, mechi isiyochezwa huharibu mengi kuliko jioni ya timu iliyosubiri huku mipira 15 ikiwa imeshapangwa ndani ya pembetatu na chaki ikiwa ukingoni mwa meza. Suluhisho lililozoeleka ni ushindi wa mezani, yaani kuipa timu iliyofika pointi zote bila kucheza. Lakini kuiongezea pia fremu zote, ambazo ni michezo midogo inayounda mechi moja, ni kuidhulumu timu nyingine isiyohusika kabisa, kwa kuwa tofauti ya fremu ndiyo mara nyingi huamua nafasi pale pointi zinapolingana. Ni haki zaidi timu iliyofika ipewe wastani wa fremu ilizokwisha kushinda kwa jasho, na kiporo, yaani mechi iliyoahirishwa, kiruhusiwe tu kwa taarifa ya mapema na kichezwe kabla ya raundi ya mwisho, kwani baada ya hapo kila timu huwa imeshajua matokeo yanayoifaa, na kishawishi cha kuyapanga huwa kikubwa mno.