Wauzaji wa WhatsApp, mutupimie nguo kwanza

Robe saba zilifika Kamina siku ya posho asubuhi, ndani ya mfuko mmoja wa plastiki uliofungwa kwa skochi. Ndoa ya mtoto wa dada yetu ilikuwa posho iliyofuata. Tulizijaribu palepale, nyumbani kwa mama mmoja wa likelemba yetu, mlango umefungwa, watoto wanachungulia dirishani. Tatu zilienea. Moja ilikataa kabisa kupita kwenye makalio. Mbili zilikubali kuingia lakini zipu haikupanda. Ya saba ilikuwa pana hata mwenyewe akacheka: "Humu tunaweza kuingia babili."

Feza tulizotuma kwa simu zilikuwa za likelemba ya miezi miwili. Muuzaji yuko Lubumbashi. Tunamjua kwa sauti na kwa picha anazoweka kwenye WhatsApp, basi. Tulipompigia alijibu kwa upole: "Bamama, mulisema benyewe taye ni L. Mi nilituma L." Na kweli, sisi tulisema L, naye alituma L. Hakuna aliyedanganya, na robe nne zilikuwa zimelala pale kitandani.

Tunaandika kwa sababu jambo hili si la nyumba yetu peke yake. Ulizeni jirani. Siku hizi duka la nguo liko ndani ya simu: mtu wa Lubumbashi anaweka picha, au mwingine anakusanya oda za watu wengi na kuzileta kutoka China kwa pamoja, sisi tunachagua, tunalipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, halafu tunangoja mzigo. Mpaka hapo yote ni mazuri. Kwenye kurudisha ndipo tunapokwama. Mkaaji wa Lubumbashi akipata nguo isiyomwenea, kesho yake anapanda taksi na kuipeleka kwa mwenyewe. Sisi tuko mbali. Kamina ni mji wa reli, njia ya Bukama mpaka Ilebo ilifunguliwa 1928, na ile ya Kabalo ikaungwa hapa 1956, lakini leo siku ya treni kufika unaiuliza kwa watu, huisomi ukutani. Robe irudi Lubumbashi, ingine ije: ndoa imekwisha, pengine mtoto wa kwanza amekwisha kuzaliwa.

Kwenye balo za nguo za Ulaya sokoni hatukuwa na shida hiyo. Hakuna anayesoma karatasi ya shingoni. Unaivuta nguo, unaipima mgongoni mwa rafiki yako, suruali unaizungusha kiuno chake shingoni mwako, ncha zikikutana unajua itakuenea. Mikono ilifanya kazi hiyo yote. Kwenye simu mikono haiko, imebaki herufi moja: S, M, L, XL. Nayo herufi hiyo haina baba. Kila kiwanda kinajiwekea yake. Hata tarakimu hazisaidii sana: robe inayoitwa 38 Ufaransa, Italia inaitwa 42, Uingereza 10, Marekani 6. Ni nguo moja hiyo. Na XL ya kutoka China mara nyingi inakaribia L ya Ulaya, wakati mwingine M.

Tena vipimo hivyo havikutafutwa kwenye miili yetu. Marekani, mwaka wa 1939 na 1940, serikali iliwapima wanawake karibu 15,000 ili viwanda vipate kipimo kimoja. Vipimo vya wale wasio weupe havikuingizwa katika hesabu. Kutoka hapo wakatunga kanuni ya mwaka wa 1958, na viwanda vyenyewe vikaichoka, mpaka ikafutwa 1983. Ikiwa wao kwa wao walishindwa kupatana, mama wa Kamina mwenye kiuno chembamba na makalio ya kutosha anatafuta nini ndani ya herufi L?

Aliyetufungua macho ni mushonaji, mzee mmoja wa hapa mjini ambaye tulimpelekea zile robe nne mbio-mbio. Hakuziangalia kwa nje. Alizigeuza ndani, akapitisha kidole kwenye mshono. "Bamama, muone. Hapa balibakisha sentimita moja tu. Nikifungua, nitapata nini?" Nguo kubwa, alisema, anaipunguza kwa saa moja. Nguo ndogo ya kiwandani ni taabu, maana kiwanda hakiachi kitambaa ndani ya mshono kama wafundi wetu wanavyoacha wakijua mtu atanenepa. Basi ukisitasita kati ya taye mbili, chukua ile kubwa.

Halafu akatuonyesha kakaratasi kalikoshonwa ubavuni mwa robe moja ya China, ambako sisi tulikuwa tunakaona uchafu tu: 165/88A. 165 ni urefu wa mtu, 88 ni kifua kwa sentimita. Herufi A, kwa nguo za wanawake, inasema kiuno kimepungua kwa kifua sentimita 14 mpaka 18. Kwa hiyo robe ile ilikatwa kwa mwanamke wa kifua 88 na kiuno cha kati ya 70 na 74. Yule mama aliyeinunua ana kiuno 80. Jibu lilikuwa limeandikwa tangu kiwandani! Muuzaji angepiga picha ya kakaratasi kale, tusingepoteza feza.

Ndiyo maana tunawaambia wauzaji wazi: picha ya msichana mwembamba anayetabasamu haitoshi. Mulaze robe juu ya meza, muchukue meta ya fundi, mupime kifua kutoka kwapa mpaka kwapa na kuzidisha kwa mbili, kiuno vilevile, makalio vilevile, halafu mabega, na urefu kutoka begani mpaka chini. Museme pia kama kitambaa kinavutika ao hapana. Tarakimu tano na neno moja. Picha moja inakula mega zetu kuliko tarakimu mia.

Tunajua watakachojibu: "Mama, niko na robe mia mbili, nitapima zote saa ngapi?" Ni kweli, kazi iko. Lakini robe mia mbili za oda moja hazina mikato mia mbili. Pima moja ya kila mkato na kila taye, imetosha. Na asiyetaka kupima, sisi tusimtumie feza yote mbele. Nusu kwa kuanza, nusu baada ya kujaribu. Kuna wauzaji wanaokubali hivyo kwa watu wa Lubumbashi na kuwakatalia watu wa mikoani, eti sisi tutapotea na nguo. Tunapotea kwenda wapi? Namba zetu wanazo.

Tungependa zaidi waweke mtu hapa Kamina, na tunaona mushonaji ndiye anayefaa. Mizigo ifikie kwake, watu wajaribu kwake, inayotaka kupunguzwa aipunguze na kulipwa, zisizoenea zirudi zote pamoja ndani ya mfuko mmoja, usafiri ugawanywe. Nchi imekwisha kuwa na Code du numérique, tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na inazungumza hata juu ya biashara ya njia hii. Lakini hakuna wakili atakayepanda treni kwa ajili ya zipu. Mapatano kati yetu na muuzaji yatafika mbele ya tribinali.

Na sisi wanunuzi? Tusijifiche. Wengi wetu hatujui vipimo vyetu. Wengine tunavijua na tunaona haya, tunaandika L kwa sababu L inapendeza kuliko XXL, kana kwamba muuzaji atakuja kutusalimia. Mmoja wetu alitaja taye aliyokuwa nayo kabla ya watoto wawili. Kwenda kwa fundi kupimwa ni dakika tano. Anayeona haya kupimwa, apime ile robe yake inayomkaa vizuri kuliko zote na kutuma tarakimu za robe hiyo. Lakini asichanganye: kipimo cha nguo si kipimo cha mwili, nguo isiyovutika inapaswa kuuzidi mwili sentimita 4 ao 6 ili mtu apumue na kuketi.

Kuna watakaotuuliza kwa nini hatukununua kikwembe na kushona hapahapa. Ni neno la haki. Ila wafundi wetu nao wana "kuya kesho" yao, ambayo kila mtu wa Kamina amekwisha kuila.

Siku ya ndoa, robe mbili zilivaliwa zikiwa na vipande vya kitambaa cheusi ubavuni, na watu walidhani ndiyo mtindo. Ile pana ilipunguzwa ikakaa vizuri kupita zote. Yule ambaye robe ilikataa kupita makalioni alivaa kikwembe chake cha zamani, na katika picha ya pamoja alisimama nyuma, kichwa tu kinaonekana. Robe yake bado iko, mpya, na karatasi yake. Kifua 84, kiuno 68, makalio 90, urefu sentimita 118, kitambaa hakivutiki. Tumeiweka kwenye WhatsApp wiki hii, pamoja na tarakimu hizo, na wasichana wawili wamekwisha kuuliza bei.