Picha za Mjini Zitunzwe
Tazama picha za zamani za katikati ya Dar es Salaam, utaona jinsi mji ulivyobadilika sura na majina kila ulipobadilika utawala. Mtaa ulioitwa Acacia Avenue enzi za Mwingereza ukawa Independence Avenue, na leo ni Samora. Pale ilipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, picha za enzi za Mjerumani zinaonyesha sanamu ya gavana Hermann von Wissmann. Boma la Kale, lililojengwa enzi za Sultani Majid miaka ya 1860, bado linatazamana na bandari, lakini majengo mengi ya rika lililofuata yamebomolewa kupisha maghorofa. Ushahidi wake umebaki kwenye picha tu. Ndiyo maana inauma sana albamu za familia zinapotupwa jalalani watu wakihama nyumba. Jiji, maktaba na vyuo vyetu vizikusanye picha hizi na kuziweka wazi kwa kila mwananchi. Nawe msomaji, kaa na wazee wako wangali hai, uandike nyuma ya kila picha: mtaa gani, mwaka gani, nani yumo.