Swali Lisilo Haki

Wako miongoni mwetu wanaorudi kutoka Paris na kutusimulia, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuhiji, kwamba waliingia katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kisasa, katika jengo la Pompidou lililofunguliwa mwaka 1977 na kufungwa mwaka 2025 kwa ajili ya matengenezo. Wamemwona Picasso, wamemwona Matisse. Kisha huuliza kwa masikitiko: na sisi huku Kirando tuna nini?

Hatuna kinyongo na safari zao. Kinachotukera ni swali hilo, kwa kuwa limekwisha kujijibu kabla hatujafungua kinywa.

Miongoni mwa mali ya makumbusho hayo mna kinyago cheupe cha Wafang wa Gabon. Mchoraji Vlaminck alikuwa nacho, akamwuzia mwenzake Derain. Naye Vlaminck alisimulia baadaye jinsi Picasso na Matisse walivyokistaajabia. Majina ya walionunua na waliotazama yanajulikana yote. Jina la aliyekichonga halijulikani. Mzungu akijifunza kutoka kwa Mwafrika huitwa mvumbuzi. Mwafrika aliyemfunza huitwa kabila.

Tutaambiwa kwamba mambo yamebadilika, kwamba mwaka 1989 mchongaji wetu Mmakonde, John Fundi, alishirikishwa katika maonyesho makubwa katika jengo hilo hilo. Ni kweli, nasi tunajivunia. Lakini mgeni, hata akipewa kiti cha mbele, hapangi nani mwingine aalikwe.

Sasa na tupande kutoka ufukweni Kirando hadi nyanda za juu za Ufipa. Huko wahunzi wa Kifipa walijenga malungu, yaani matanuri marefu ya udongo kupita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivuo. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo, ndipo kikafuliwa kuwa jembe. Ilungu lilitendewa kama bibi arusi, kwa dawa, nyimbo na miiko. Umbo, elimu, ibada na riziki vilikuwa kitu kimoja. Majembe ya kigeni na utawala wa kikoloni viliizima kazi hiyo katika karne ya 20, na leo mabaki ya malungu yanaliwa na mvua.

Nani aliyetuambia kwamba hiyo si sanaa, eti kwa sababu haikutundikwa ukutani? Mkoloni alisema hivyo, naam. Lakini mkoloni aliondoka mwaka 1961, na mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni ili tujitambue. Anayerudia maneno hayo leo ni sisi wenyewe, na aibu ni yetu.

Basi tusimlaumu Mfaransa kwa kutojua jina la mchongaji wa Gabon, ilhali sisi hatuliandiki jina la fundi aundaye mitumbwi ya wavuvi wa migebuka, wala la mama afinyangaye vyungu. Kila shule ya Rukwa na iwatume wanafunzi kwa wazee, waandike jina, kazi na namna ya kuifanya. Mabaki ya malungu yazungushiwe uzio kabla hayajawa kichuguu. Mwacha mila ni mtumwa. Na mtumwa, hata akizuru majumba yote ya Ulaya, huona mali ya bwana wake tu.