Kompyuta Nayo Ifunzwe Mizani

Kila inapotajwa warsha ya kuandika programu wakati wa likizo, huitwa wale wanaosoma somo la Kompyuta peke yao. Sisi wengine twaambiwa ati hayo si yetu. Mimi napinga. Warsha ya wasiojua kitu ni yetu hasa. Kumleta anayejua tayari ni kutia maji kwenye mtungi uliojaa.

Kwani programu ni nini? Ni maagizo tu, yamepangwa moja baada ya jingine, na kompyuta huyafuata bila kuuliza. Lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ina maneno maalumu 35. Ni ya Kiingereza, kweli, lakini 35 si mengi kwa mtu aliyehifadhi ngeli zote!

Hebu tuchukue shairi la tarbia, mizani 16 kila mshororo. Tuiagize kompyuta ihesabu irabu. Neno “kitabu” itasema tatu, sawa. Neno “mtoto” itasema mbili, nasi twajua ni tatu, m-to-to. Basi twaongeza agizo: m ikifuatwa na konsonanti, nayo ihesabiwe. Mtoto amepona, lakini mbuzi ameharibika, maana kompyuta yasema tatu na mbuzi ana silabi mbili, mbu-zi. Na mbwa je? Yeye ni m-bwa, m yake yasimama peke yake. Hapo mwalimu wa kompyuta atanyamaza, na itabidi aitwe wa Kiswahili.

Wapo wasemao siku tano hazimfanyi mtu fundi, heri tukasaidie shambani. Ni kweli hazimfanyi fundi. Lakini zatosha kumwondolea mtu hofu, akajua mashine hii haina uchawi, yafuata ulichoandika hata ukikosea. Na kazi za nyumbani zipo, hasa kwetu sisi wa shule ya kutwa. Kwa hivyo warsha iwe asubuhi tu, tena hapa hapa Kakuyuni. Ikipelekwa Malindi mjini, nauli itawabakisha wengi nyumbani, na wasichana ndio watakaokatazwa kwanza.

Tena wakati umetubana. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, nasi tulioifanya ndio wa mwisho wa 8-4-4. KCSE yetu ni 2027, na wanaotufuata wana mtaala wao. Tukiambiwa tungoje mwaka ujao, twangoja nini?

Namwomba mlezi wa chama alifikishe jambo hili kwa mwalimu mkuu kabla ya likizo ya Agosti. Kompyuta moja kwa watu wanne yatosha. Anayengoja zamu aandike maagizo yake kwenye daftari. Shairi la kuanzia ninalo.