Ripoti ya Joto Itaje Kosa Lake

Mimi ni fundi wa tanuru za chuma, na nasema wazi: ripoti ya joto isiyotaja kosa la kipimajoto isipokelewe. Kwenye uso unaoguswa na chuma kilichoyeyuka kipimajoto hakidumu, hivyo tunakizika ndani ya ukuta, kisha tunakokotoa kurudi nyuma hadi joto la uso huo. Ukuta hufifisha mabadiliko ya haraka ya joto. Hesabu ya kurudi huyakuza, na huyakuza pamoja na makosa madogo ya kipimo. Kosa la nyuzi 1 linaweza kuzaa makumi ya nyuzi za uongo. Mwaka 1963 Mrusi Andrey Tikhonov alitoa dawa: kulainisha jibu. Kwa kiasi gani? Ukubwa wa kosa ndio uamue. Anayelainisha kupita kiasi hufuta hata kupanda kwa ghafla kwa joto kunakoonya kuwa ukuta unaliwa, na vijana wetu wamesimama pale pale.