Majibu ya Utafiti Yarudi Babati

Mji wa Babati, ulio chini ya Mlima Kwaraa na kando ya ziwa lenye viboko, ulifanywa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002. Lakini tangu zamani kabla ya hapo, eneo hili na jirani zake limekuwa darasa la wazi la sayansi ya wanyama, udongo, miamba, maji na misitu. Wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu, wa hapa nchini na wa kutoka ng'ambo, huja na vipimo vyao, huuliza, huchimba, huhesabu, kisha huondoka. Watumishi wa umma na walimu hawana budi kujiuliza: majibu ya kazi hiyo hubaki wapi?

Darasa hili si la jana. Katika miaka ya 1960 Iain Douglas-Hamilton wa Chuo Kikuu cha Oxford aliishi katika Hifadhi ya Ziwa Manyara, kaskazini ya Babati, akiwachunguza tembo na kuwatambua mmoja mmoja kwa masikio na pembe zao. Kazi hiyo ndiyo iliyompatia shahada ya uzamivu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Kahurananga alichunguza tambarare za Simanjiro, ambako nyumbu na pundamilia wa Tarangire huenda kulisha wakati wa mvua. Na huko Duru-Haitemba, vijiji vilivyokabidhiwa msitu wao katikati ya miaka ya 1990 vimepokea wanafunzi waliotaka kupima kama miti iliyo mikononi mwa wananchi hustawi au huteketea. Uzoefu wa vijiji hivyo ni miongoni mwa mambo yaliyoitangulia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, iliyoutambua msitu wa kijiji.

Mfano unaomgusa mkulima moja kwa moja ni ule wa Minjingu, kwenye barabara ya kwenda Arusha. Uchimbaji wa fosfeti ulianza pale mwaka 1983. Fosfeti hiyo ilitokana na mabaki ya ndege na samaki wa ziwa la kale. Tangu hapo wanafunzi wa sayansi ya udongo, hasa wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wameipima tena na tena mashambani na maabara. Jambo lililothibitika ni kwamba mwamba huo, ukisagwa tu bila kuchanganywa na kitu kingine, huyeyuka vizuri katika udongo wenye tindikali. Katika udongo wenye chokaa au magadi huyeyuka polepole mno, na mmea hukosa chakula chake.

Maana yake kwa mkulima ni kubwa. Mbolea ile ile inaweza kumfaa mtu wa mahali pamoja na kumtia hasara mtu wa mahali pengine, wote wawili wakiwa wamelima kwa bidii na kupanda kwa wakati. Asiyeambiwa jambo hilo atailaumu mbolea, au atamlaumu bwana shamba, au atasema kwamba habari za kitaalamu ni maneno matupu. Fedha ya msimu mzima itakuwa imepotea kwa sababu ya jambo ambalo jibu lake lilikwisha kupatikana na kuandikwa.

Utaratibu wa kumfikisha mtafiti kijijini ni mzuri. Huja na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, au na barua ya chuo chake. Barua hiyo hupita mkoani, wilayani na katani, mpaka imfikie Mtendaji wa Kijiji. Kila ofisi hutia muhuri. Mwenyekiti huwaita wananchi, nao hutoa muda wao, udongo wao na maarifa yao. Mzee aliyefuga maisha yake yote humweleza kijana majani ambayo mifugo huyakimbia na sababu yake. Kwa hiyo barua ya kuomba ruhusa hushuka ngazi zote. Lakini mara nyingi jibu halishuki hata ngazi moja. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, huwekwa katika maktaba ya chuo, na wale walioulizwa maswali hawaioni kamwe. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayeondoka na shahada na kumwacha mwenyeji na maswali yale yale hajatimiza wajibu wake.

Hata hivyo si haki kumtwika mwanafunzi lawama yote. Posho yake ni ndogo na muda wake umehesabiwa. Watahini wake huisoma tasnifu. Hawamwulizi kama aliirudisha kijijini. Mkufunzi wake naye hupandishwa cheo kwa makala zilizochapishwa katika majarida ya kimataifa, wala si kwa mkutano uliofanyika Duru au Minjingu. Maadamu mambo yamepangwa hivyo, hata mwenye nia njema atakwama.

Kwa hiyo hapana budi utaratibu wenyewe urekebishwe. Vyuo vyetu, kikiwamo Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, iliyoanza kufundisha mwaka 2011 na ambayo ni ya wanafunzi wa shahada za juu, vina uwezo wa kudai kwamba kila tasnifu iliyotokana na kazi ya kijijini iambatane na muhtasari wa kurasa mbili au tatu kwa Kiswahili chepesi. Fedha ya safari ya kurudisha majibu iwekwe katika bajeti ya utafiti tangu mwanzo, kama inavyowekwa fedha ya vipimo. Nazo ofisi za halmashauri, zinapopokea barua ya mtafiti, ziandike tarehe anayotazamiwa kuleta muhtasari huo, na tarehe hiyo ikipita zimwulize yeye na chuo chake.

Lakini muhtasari ukifungiwa kabatini utakuwa sawa na tasnifu iliyo maktaba. Bwana shamba na bibi shamba wausome na kuupeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Walimu wa sayansi wautumie darasani. Mwanafunzi wa sekondari mjini Babati anayejifunza habari za tindikali atalielewa somo vizuri zaidi akipima udongo wa shamba la wazazi wake na kujua kwa nini fosfeti ya Minjingu hufaa hapa na isifae pale.

Wananchi wa Babati hawajawahi kuwafungia watafiti milango. Wamejibu kila swali waliloulizwa. Sasa ni zamu ya vyuo na ya ofisi za umma kuwapa wao majibu yaliyotoka katika mashamba yao, na kuwapa kwa lugha wanayoielewa.